Vilivyokuwa na Haraka

Kitu cha kwanza kuniacha kilikuwa ladha ya maji.

Shuleni tulikariri kwamba maji safi hayana rangi, hayana harufu, hayana ladha. Tulisema darasa zima kwa sauti moja, mwalimu akaridhika, nasi tukaridhika. Basi ni nini kilichoondoka? Nilikuwa ninakunywa nini miaka yote hiyo, hata siku kilipokosekana nikajua papo hapo kwamba hakipo? Siku chache baada ya dawa nilipeleka kikombe mdomoni, na kilichoingia kilikuwa chuma: sarafu kuukuu iliyolazwa juu ya ulimi. Nikabadilisha kikombe. Nikabadilisha maji. Nikakamulia ndimu. Chuma kikabaki pale pale, kwa kuwa hakikuwa kikombeni.

Tangu hapo najiuliza nina vitu vingapi ambavyo sijui kuwa ninavyo. Mtu akiulizwa ana nini, atataja nyumba, watoto, kazi, na afya akiikumbuka. Nani atataja ladha ya maji? Nani atataja kulala chali bila kuhisi uzito wa miguu yake mwenyewe, au kupita karibu na jiko la jirani anayekaanga vitunguu na kuendelea na safari yake? Vitu hivi haviandikwi popote. Havina mrithi. Vinapoondoka hakuna anayekuja na rambirambi.

Kwa nywele, niliandaliwa na dunia nzima. Vilemba vilifika nyumbani kabla dawa haijafika mshipani. Mama mdogo alileta viwili, cha kushindia na cha harusini, kana kwamba upara nao una shughuli zake. Jirani akanionyesha kwenye simu picha ya binti aliyependeza bila hata unywele mmoja. Niliwashukuru, na bado nawashukuru. Ila naona sasa kwamba sote tulikuwa tukiiangalia hasara ile inayoonekana kutoka barabarani, ile ambayo hata mpita njia anaweza kuipa pole. Zile nyingine huja bila mashahidi.

Katika Dar es Salaam, ukisema fulani anakwenda Ocean Road, hakuna anayeuliza anakwenda kufanya nini. Barabara yenyewe ilibadilishwa jina mwaka 2013, ikapewa la Barack Obama, lakini saratani haikulifuata jina jipya, ilibaki na la zamani. Jengo kongwe la hospitali, lililofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, linaitazama bahari uso kwa uso. Waliochagua mahali pale walitaka upepo, nadhani, na upepo haujahama. Unaingia na chumvi yake, unapeperusha kanga za waliokaa kwenye mabenchi, unatoka. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kuogopa na wakati huohuo akasikia raha ya upepo shingoni. Hofu ilikuwa yangu, na raha ilikuwa yangu pia. Hazikugombana.

Dawa ni nyekundu, nyekundu isiyo na haya. Haitundikwi ikaachwa idondoke yenyewe. Muuguzi huketi goti kwa goti na mgonjwa, akaisukuma kwa mkono wake kutoka kwenye bomba la sindano, polepole, macho hayabanduki kwenye ngozi, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

"Dada, unasikia kuungua?"

Sisikii.

Akasukuma tena kidogo. "Na sasa?"

Alikuwa amevaa glavu na joho la kujikinga, ili tone lisimguse. Nilizitazama zile glavu kwa muda mrefu. Tulikuwa watu wawili juu ya dawa moja, mmoja akikingwa nayo na mwingine akitiwa nayo damuni, na yule aliyekingwa ndiye aliyekuwa akininong'oneza nisiogope. Kunyoosha mkono namna ile ni imani ya aina gani? Niliunyoosha kwa kuwa niliamini, au kwa kuwa zamu ilikuwa imenifikia?

Baadaye nilisoma dawa ile ilikotoka. Ilitoka udongoni. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Italia walichota udongo karibu na ngome ya Castel del Monte, si mbali na bahari ya Adriatiki, wakakuta ndani yake bakteria wanaotengeneza rangi nyekundu, na kutokana na kizazi cha bakteria hao ikaja kupatikana doksorubisini. Dawa ya pili, isiyo na rangi, inayoshuka kwa dripu, inaitwa saiklofosfamaidi, na hiyo ni ya ukoo wa gesi ya haradali iliyomwagwa juu ya askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Madaktari waliowachunguza walioguswa na gesi ile waliona chembe nyeupe za damu zimetoweka, wakajiuliza: kinachoua hizi, hakiwezi kuziua na zile zilizoasi? Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, mgonjwa wa kwanza alichomwa dawa ya ukoo huo. Uvimbe wake ulinywea. Kisha ukarudi.

Udongo nauelewa. Tumetoka humo na tutarudi humo. Haidhuru ukipita mshipani katikati ya safari. Vita ndiyo bado sijaielewa. Niifanye nini habari kwamba babu wa dawa yangu alitengenezwa ili kijana fulani, ndani ya handaki huko Ulaya, ababuke ngozi na kukosa pumzi? Je, kitu husahau nia ya waliokitengeneza kwanza? Au kinaijua bado, na mimi ndiye ninayeombwa nisahau?

Lililonichukua muda mrefu kulikubali ni kwamba dawa hizi haziujui uvimbe. Haziingii na picha ya mhalifu mkononi. Zinakamata chochote kinachojigawa na kuzaliana upesi. Ni trafiki anayesimamisha kila gari lenye mwendo, la jambazi na la mzazi anayewahisha mtoto hospitali. Uvimbe una haraka, kwa hiyo unakamatwa. Lakini nywele nazo zina haraka. Ngozi laini ya ndani ya mdomo ina haraka. Utando wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Uboho ndani ya mifupa haupumziki hata usiku, unamimina chembe za damu zisizohesabika, na baadhi ya zile nyeupe zinazotulinda zinaishi muda mfupi tu kisha zinapisha nyingine.

Kwa hiyo yalipoanza, vidonda mdomoni, tumbo lililogoma, uchovu ambao usingizi haukuweza kuugusa, sikuwa ninaumwa ovyo. Nilikuwa ninachorewa ramani. Kila palipouma ndipo palipokuwa na uhai wenye haraka. Kila palipokauka, palikuwa na kazi ikifanyika usiku na mchana bila kunishirikisha. Haraka haraka haina baraka, ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyowaambia wanangu kila walipovunja kikombe. Nimenyamaza kuisema. Baraka yote niliyokuwa nikiiita afya ilikuwa ndani ya haraka hizi ndogo ndogo.

Nilidhani mwili ni kitu kilichotulia, ambacho siku moja kitaharibika. Kumbe haukuwahi kutulia. Midomo niliyombusu nayo marehemu mama kwenye paji la uso kabla hajafunikwa, ngozi yake ilishakwenda zamani, ikaja nyingine, nayo ikaenda. Aliyembusu ni nani, basi? Na anayekumbuka ni nani?

Na kama nimekuwa nikifa kidogo kidogo na kuzaliwa kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, bila matanga, bila hata kuambiwa, mbona sasa nalia? Labda ni kwa sababu kwa kawaida kinachoondoka na kinachoingia hupishana, tusione pengo. Dawa imekizuia kinachoingia. Kwa siku kadhaa, kila kinachoondoka kinaondoka kweli.

Ni fikra nzuri saa nne asubuhi, nikiwa barazani na uji wa ulezi umekubali kukaa tumboni. Saa tisa usiku haina kazi.

Usiku wa kwanza sikulala kabisa. Pamoja na dawa yenyewe hutolewa nyingine za kuzuia kutapika, na mojawapo humfungua mtu macho kama aliyepewa zamu ya lindo. Nilisikia nyumba yote ikipumua. Nikasikia mbwa wa mtaa wa pili, feni, bomba linalodondoka, adhana ya kwanza kutoka mbali kisha ya karibu. Nilipokwenda msalani niliukuta mkojo mwekundu. Nilikuwa nimeambiwa. Ni dawa inapita njia yake, haichukui zaidi ya siku moja au mbili. Nilikuwa nimeambiwa, na bado nilisimama pale nimeshika ukuta. Kuambiwa kulibaki kule mchana, na mimi nilikuwa huku peke yangu na rangi ile.

Usiku huo niliwafikiria watoto nisiowajua. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, Denis Burkitt, mtu aliyepoteza jicho moja utotoni, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Kisha akaona mwingine. Mwaka 1958 aliuandika ugonjwa huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wakafunga safari ya gari kupita nchi za Afrika Mashariki na zilizo kusini yake, hospitali kwa hospitali, wakiuliza ugonjwa umeonekana wapi na haujaonekana wapi. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1960 baadhi ya watoto wa eneo letu walipewa dawa hizi zilipokuwa bado changa, na saiklofosfamaidi, hii iliyomo ndani yangu, ilikuwa mojawapo. Uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache mbele ya macho ya mama zao. Kwa wengi ulirudi. Kwa baadhi haukurudi tena. Mwaka 1967 ikaanzishwa palepale Mulago taasisi ya saratani ambayo ipo hadi leo.

Ugonjwa huo dunia nzima inauita kwa jina la daktari. Watoto hawana jina. Mama wa mmoja wao, aliyeshuka kwenye basi na mwanawe mgongoni, aliambiwa nini, na kwa lugha gani? Alijuaje kwamba kutapika kule ni dawa na si kifo? Vidonge hivi vizuri vya kuzuia kichefuchefu havikuwapo. Vilikuja miongo mitatu baadaye. Mimi nimelala na vidonge kwenye kisahani, karatasi ya maelekezo, na simu ya kumpigia mtu. Kipimo changu, na siku zangu za kupumzika, yote yalijifunzwa kwenye miili ya watu, na baadhi yao walikuwa watoto wa huku kwetu. Deni la namna hii hulipwa kwa nani? Sikuwa na cha kuwapa zaidi ya kukesha kwa ajili yao, na hata mkesha wenyewe ulikuwa wa kidonge.

Muuguzi yule wa glavu, kabla hata ya dozi ya kwanza, alikuwa ameniachia neno moja ambalo limekaa nami. Alisema: siku ya dawa na siku mbili tatu zinazofuata, usile chakula unachokipenda. Ukikitapika, mwili utakitia hatiani, na huenda usikipende tena maisha yako yote. Mwili haungoji ushahidi. Unamkamata aliyekuwapo.

Basi usiku wa kuamkia dawa nilikuwa nimekaa jikoni nikipanga nini kiende na nini kibaki. Niliyapitia mapenzi yangu moja baada ya jingine. Wali wa nazi, hapana. Samaki wa kupaka, hapana. Huyo ni wa mama, mkono wake umo ndani ya mchuzi ule, nikimpoteza huyo nampoteza mama mara ya pili. Vitumbua, na harufu ya iliki inayotangulia mchuuzi kabla hajafika kona, hapana. Maembe, Mungu aepushe. Nikabaki na biskuti kavu, viazi vya kuchemsha, na chai ya tangawizi. Sikuwa na ugomvi navyo wala mapenzi navyo. Nikavitanguliza hivyo.

Ni nani mwingine aliyewahi kupewa nafasi hiyo, kuchagua atakachokipoteza? Mama alipofariki hakuna aliyeniuliza. Nilijiona tajiri kwa saa nzima pale jikoni, mwenye vitu vingi vya kuficha. Na ikawa kama alivyosema. Biskuti zile siwezi kuziona. Pakiti yake tu kwenye rafu dukani kwa Mangi inanigeuza uso. Viazi vimekwenda. Tangawizi imekwenda pia, na hiyo nailia kidogo, kwa kuwa nilidhani ni rafiki wa kawaida, nikaja kujua mapenzi yake ilipokwisha kuondoka. Wali wa nazi upo, salama. Sijaugusa. Napita mbali na harufu yake ili nisiuharibu. Lakini kitu nilichokiokoa kwa kutokigusa, bado ni changu? Au nimekipoteza kwa njia nyingine, ya heshima zaidi?

Kwetu mgonjwa ni wa watu. Watu huja, hukaa, hula, hubishana juu ya mpira, na mgonjwa akiwa katikati yao anasahau kidogo. Lakini dozi ikishaingia, zile chembe nyeupe hushuka, na kwa kawaida wiki ya pili ndiyo hufika chini kabisa. Daktari alisema niepuke umati, wenye mafua, kachumbari, matunda yanayoliwa na maganda yake, na joto la mwili likifika 38 nisingoje kupambazuke. Mama mdogo akawa bawabu. Aliwapokea watu mlangoni pamoja na mifuko yao ya machungwa, akawarudisha kwa adabu zote. Niliwasikia kutoka chumbani.

"Hajambo lakini?"

"Hajambo, amepumzika."

"Mwambie tulikuja."

Wengine walielewa. Wengine, nawajua, walikwenda wakisema hali ni mbaya, au nimejificha kwa aibu. Mwanangu mdogo alirudi kutoka shuleni na makamasi, akapelekwa kulala kwa shangazi yake. Asubuhi alikuja kunisalimia kwa nje, amepanda ndoo, pua yake imebanwa kwenye wavu wa dirisha. Nilianza kumtamani hata yule jamaa wa Pangani mwenye habari za mti unaotibu kansa zote, ambaye siku nyingine ningemkimbia. Mkono wa mtu una nini ndani yake, hata ukosekane hivi? Sikuwahi kuihesabu mikono inayonigusa kwa siku moja: ya salamu, ya chenji, ya mtoto ninayemvusha barabara, ya konda anayenivuta ndani ya daladala. Yote ilikuwa ikiniambia nipo. Ilipokoma nilibaki na kipimajoto.

Nywele zilikuja kuondoka nilipokuwa nimechoka kuzisubiri. Kwanza ngozi ya kichwa iliuma, ule uchungu wa misuko iliyovutwa sana, ilhali sikuwa nimesukwa. Kisha zikabaki kwenye mto, kwenye chanuo, kwenye kola. Mama mdogo akasema kuzingoja moja moja ni kujitesa, akamtuma mjukuu wake kuazima mashine.

Pwani kwetu mtoto hunyolewa nywele za kuzaliwa siku ya saba, na wapo wanaozipima wakatoa sadaka ya fedha kwa uzito wake. Bara, kwa makabila mengi, waliofiwa ndio hunyolewa. Kichwa kinachonyolewa basi ni cha aliyefika au cha aliyeachwa. Nilikaa kwenye kigoda katikati ya ua, shuka mabegani, nikijiuliza mimi ni yupi. Nani amezaliwa hapa? Na kama ni msiba, marehemu ni nani? Ni yule mwanamke aliyekunywa maji bila kuyaonja? Simwoni akirudi, hata nywele zikirudi, na husemwa mara nyingi hurudi tofauti, laini zaidi, au zimejisokota zaidi, kana kwamba kichwa kimesahau zilikuwaje.

"Tulia," mama mdogo alisema. "Nitakukata sikio."

Zangu hazikupimwa. Alizifagia zote, akazifunga kwenye gazeti, akaenda kuzichimbia, kwa sababu nywele za mtu haziachwi zikazagaa. Sikumuuliza amezichimbia wapi.

Na uvimbe, je? Huwa nausahau katika orodha ya vilivyo vyangu, lakini nao umetoka kwangu. Hakuna mgeni aliyeingia. Ni seli zangu, zilizopoteza habari ya kusimama. Zilitaka kuendelea tu, jambo ambalo kila kilicho hai hulitaka, nami nalitaka sana. Watu wema huniambia nipigane. Wanaposema hivyo mimi hunyamaza, kwa kuwa sijui nijipange upande upi.

Moyo hauna haraka ya namna ile. Sehemu kubwa ya chembe za misuli yake huzaliwa na mtu na huzikwa naye. Ningedhani dawa itaupita, kwa kuwa haukimbii. Haiupiti. Doksorubisini huuumiza moyo kwa njia nyingine, na moyo, kwa kuwa haujifanyi upya, haufuti kitu. Kila dozi hujumlishwa na iliyotangulia. Ndiyo maana daktari huandika kwenye faili miligramu za kila safari na kuziongezea za nyuma, na kuna kiwango ambacho mtu havukishwi maisha yake yote, hata ugonjwa ukirudi baada ya miaka ishirini. Hesabu yangu nimeiona. Ni mstari mmoja wa tarakimu, na nafasi nyeupe chini yake.

Kinachobadilika kinaumia na kinarudi bila kumbukumbu. Kinachodumu kinaumia na kinaweka hesabu. Kama ningepewa kuchagua tena, kama pale jikoni, ningechagua niwe kipi? Naanza kufikiri kwamba ninayemwita mimi amekaa upande wa moyo, upande wa madaftari, huku akibebwa siku zote na wale wengine wasiokumbuka lolote.

Wiki tatu kati ya dozi na dozi si za huruma, ingawa nilizipokea hivyo. Ni muda unaohitajiwa na uboho kujirudisha. Seli nzima hurudi upesi kuliko zile za uvimbe, na tiba yote imesimama juu ya tofauti hiyo ndogo ya mwendo. Haraka ndiyo iliyoziponza, na haraka ndiyo inayozirudisha. Zangu zilirudi. Daktari aliitazama karatasi ya damu, akasema zimetosha, tunaendelea. Zimetosha kwa kazi gani? Kwa kupigwa tena. Nilisema asante, daktari, na nilimaanisha, na nikashangaa kwamba nilimaanisha.

Asubuhi ya dozi ya pili nilikaa kwenye benchi na mama mmoja wa Newala, aliyeletwa na mwanawe wa kiume. Alikuwa anaanza siku hiyo. Alikitazama kilemba changu, akazitazama kucha zangu, ambako mstari mweusi umeshatokea karibu na nyama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini inakuwaje. Nikamwambia habari za mkojo, asije akashtuka. Nikamwambia habari za homa, kwamba asiingoje asubuhi. Halafu nikafika kwenye chakula, na hapo nilichangamka, kwa kuwa ndilo jambo pekee nililohisi nimeliweza: achague kimoja asichokipenda sana, akitangulize hicho, anavyovipenda aviweke mbali hadi siku zipite.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono imelala mapajani.

"Tumefikia kwa ndugu, Mbagala," alisema. "Tunakula kinachopikwa. Jana ugali, leo asubuhi kiporo chake na chai. Nikiuchukia ugali, mwenzangu, nitakula nini?"

Muuguzi akaita jina lake kabla sijafungua mdomo.